UZI: Upepo wa tairi na uzito wa mzigo. Kusoma stika, ubavu wa tairi na mizani, kuanzia Probox hadi semi

#1 EkseliYaNyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Swali la "nijaze upepo ngapi?" hujibiwa kwa namba moja ya psi (kipimo cha upepo): 35, au 40, au "kama unabeba mzigo weka 45". Namba moja haiwezi kuwa jibu la kila gari, na matairi mengi yanayopasuka barabara kuu yana mizizi hapo. Nataka tuweke mambo yote sehemu moja.

Kinachobeba gari ni upepo. Mpira, nyuzi na waya ni mfuko tu wa kuushikilia huo upepo. Kwa hiyo kila kiwango cha upepo kina kilo zake. Ukipunguza upepo bila kupunguza mzigo, ubavu unajikunja zaidi kila tairi linapozunguka, joto linapanda, gundi kati ya mpira na waya inalegea, halafu siku moja kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara) inabanduka nzima nzima. Watu husema "tairi bovu". Mara nyingi tairi lilikuwa zima, lilikosa upepo wa kubeba kile lilichobebeshwa.

Namba ziko sehemu mbili, na zinafanya kazi tofauti.

Ya kwanza ni stika ya gari. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo mlango unapofungia. Magari ya Ulaya huiweka pia ndani ya kifuniko cha tenki la mafuta. Hiyo ndiyo namba ya kufuata, kwa sababu waliotengeneza gari wanajua kila ekseli inabeba kilo ngapi. Gari za Japani zinaandika kPa (kilopaskali), na kando yake kgf/cm². Kilopaskali 100 ni psi 14.5. Kwa hiyo 220 ni psi 32, 240 ni 35, 300 ni 44 kasoro kidogo, 350 ni 51, 450 ni 65. Stika ikiwa ya Kijapani, alama 前 ni mbele na 後 ni nyuma. Msizichanganye, kwenye gari za mizigo tofauti ya mbele na nyuma ni kubwa.

Ya pili ni ubavu wa tairi. Pale pameandikwa kwa mfano 195R15C 106/104S. Hiyo 106 ni namba ya uzito: kilo 950 kwa kila tairi likiwa peke yake upande mmoja. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi yakiwa pacha, yaani mawili upande mmoja. S ni kasi, kilomita 180 kwa saa. Namba nyingine mtakazokutana nazo sana:

81 = kilo 462
84 = 500
88 = 560
91 = 615
94 = 670
98 = 750
104 = 900
106 = 950
112 = 1,120
118 = 1,320
122 = 1,500
148 = 3,150
152 = 3,550
156 = 4,000
160 = 4,500

Kosa kubwa ni kusoma ubavuni "MAX PRESS 51 PSI" ukadhani ndiyo namba ya kujaza. Huo ni mwisho wa tairi, siyo kipimo cha gari lako. Gari dogo linalotaka 32 ukilijazia 50, linakanyaga kwa katikati ya kashata tu, breki inachelewa kushika kwenye lami yenye maji, na shimo dogo linatosha kukata nyuzi za ubavu.

Pima tairi likiwa baridi: gari limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu, au halijatembea zaidi ya kilomita 2.

Tuendelee kwa aina za magari. Wenye haisi, Kanta na semi mje.

---

#2 Mchuuzi_wa_Mboga

Mkuu asante. Probox ya mzigo, imekuja kutoka Japani na 155/80R14 88/86N LT. Dukani wananipa 175/70R14 84T, wanasema ni pana zaidi kwa hiyo inabeba zaidi. Nichukue?

---

#3 EkseliYaNyuma

Usichukue, mkuu. Upana hauonyeshi uwezo wa kubeba. Soma namba. 88 ni kilo 560, 84 ni kilo 500. Matairi mawili ya nyuma umeshapoteza kilo 120. Wengine wanafungiwa 165/70R14 81, hapo ni kilo 462 kila moja, umepoteza karibu kilo 200 kwenye ekseli ya nyuma. Ndiyo ekseli inayobeba nyanya zako.

Pia hizo herufi LT si urembo. Tairi la LT limejengwa kupokea upepo mwingi kuliko la gari la kutembelea. Tairi la kawaida la saluni, kwa kanuni za Ulaya, uwezo wake wote unahesabiwa kwenye kPa 250, yaani psi 36. Ukilijaza 45 linakuwa gumu, lakini kilo haziongezeki hata moja. Namba ya uzito imeishia pale.

Probox ya mzigo ina maandishi nyuma, 最大積載量 400[250]kg. Maana yake mzigo wa juu ni kilo 400 mkiwa watu wawili, kilo 250 mkiwa watano. Kreti kumi za nyanya zenye kilo 40 kila moja, umefika. Tafuta 155/80R14 yenye 88 au zaidi, na ukifunga fuata stika kwa mbele na nyuma.

---

#4 BiKashata

Naongezea jambo linalowachanganya wauzaji wenyewe: herufi C. Ikiwa mwishoni mwa saizi, kama 195R15C, ni mtindo wa Ulaya na maana yake ni tairi la gari la biashara. Lakini kwenye matairi ya Kimarekani ya LT, "Load Range C" ni daraja la nguvu, sawa na 6PR, mwisho wake psi 50. D ni 8PR, psi 65. E ni 10PR, psi 80. Kwa hiyo tairi linaweza kuwa na C ya kwanza na likawa 8PR. Msiulize "ni C?" Ulizeni namba ya uzito na PR.

Na 8PR siku hizi haina maana kwamba kuna tabaka nane za nyuzi. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki kutoka zamani za nyuzi za pamba.

Kwa wenye magari madogo wanaonunua matairi ya XL (yaliyoimarishwa ili kubeba zaidi): 205/55R16 91 ya kawaida inabeba kilo 615 kwa psi 36. Ile ya XL 94 inabeba kilo 670, lakini kwa psi 42. Ukiijaza XL upepo uleule wa 36, kwa hesabu inabaki kama kilo 595, yaani chini ya ile ya kawaida. XL inataka kuongezewa kama psi 1 hadi 2 juu ya stika ili kubaki palepale, na zaidi ukipakia.

---

#5 Konda_Mstaafu

Tuletee haisi sasa. Vituoni wanajaza 36 kote, wengine 40 kote.

---

#6 BiKashata

Haisi, nachukua tairi lililozoeleka, 195R15C 8PR 106/104. Mwisho wake ni kPa 450, psi 65, na hapo ndipo linabeba kilo 950. Kanuni wanayoitumia watengenezaji ni kwamba uwezo hupungua upepo unapopungua, ila si kwa uwiano ulionyooka. Ukiifanyia hesabu unapata karibu na hivi kwa tairi moja:

psi 36: kilo 590
psi 44: kilo 685
psi 51: kilo 775
psi 58: kilo 865
psi 65: kilo 950

Sasa chukua haisi iliyojaa, ipime mizani ekseli kwa ekseli. Tuseme mbele imesoma kilo 1,300 na nyuma 1,700. Mbele kila tairi limebeba 650, kwa hiyo panda hadi mstari unaotosha, 44. Nyuma kila tairi limebeba 850, panda hadi 58. Yule wa "36 kote" matairi yake ya nyuma yana uwezo wa 590 na yamebebeshwa 850. Kila moja limezidiwa kilo 260, na barabara ya Chalinze saa saba mchana lami inawaka. Hilo tairi linapikwa.

Hesabu hii ni ya kuangalia kama uko salama. Haikupi ruhusa ya kwenda chini ya stika. Stika ikisema zaidi, fuata stika.

Upande wa pili kuna ukuta: 950 mara mbili ni kilo 1,900. Ekseli ya nyuma ikifika 1,950, hakuna upepo wowote wa kukuokoa kwa tairi hili. Punguza abiria, shusha mizigo ya juu ya paa, au funga tairi lenye namba kubwa zaidi kama ekseli na rimu zinaruhusu. Kuongeza viti safu moja nyuma kabisa ni kuongeza watu wanne wa kilo 70, na karibu kilo zote hizo 280 zinakaa juu ya ekseli ya nyuma.

---

#7 Mwamba_wa_Njia_Kuu

Lakini safarini upepo unapanda. Asubuhi umejaza 58, ukifika Morogoro geji inasoma 65. Si bora kupunguza kidogo ili lisipasuke?

---

#8 EkseliYaNyuma

Hapana kaka, hili ndilo kosa lenye hatari kuliko yote kwenye uzi huu. Namba ya stika na ya ubavuni ni za tairi baridi. Watengenezaji wanajua litapanda, na wameliacha na nafasi ya kupanda. Kwa gari dogo nyuzijoto 10 zinaongeza kama psi 1.5. Tairi la haisi lenye psi 58 linaongeza karibu psi 2.5 kwa nyuzijoto 10. La semi lenye 120 ni karibu 4.5. Kwa hiyo 58 kwenda 65 ni tairi lililopata joto la nyuzi 30 hivi juu ya asubuhi, ni kawaida kabisa kwenye safari ndefu.

Ukilipunguza likiwa moto hadi 58, likipoa utakuta 51. Kesho unaanza safari na upungufu wa psi 7, linajikunja zaidi, linapata joto zaidi, geji inapanda zaidi, unapunguza tena.

Ongezeko likiwa kubwa kupita kiasi, kwa mfano robo nzima ya upepo wa asubuhi, hiyo ni dalili kwamba lilianza na upepo mdogo, limezidiwa mzigo, au breki inashika na kupasha rimu. Gusa rimu zote kwa nyuma ya kiganja, kwa uangalifu. Moja ikiwa moto tofauti na zenzake, tatizo ni breki au beringi.

Na ukilazimika kuongeza upepo njiani tairi likiwa moto, usilenge namba ya stika. Angalia tairi la pili la ekseli hiyohiyo linasoma ngapi, lilinganishe nalo, kisha lipime tena asubuhi.

---

#9 Nyanda_za_Juu

Kuhusu kupanda milima. Wengi wanauliza kama ukitoka Dar kwenda Mbeya upepo ubadilishwe. Dar uko usawa wa bahari, Mbeya uko kama mita 1,700. Hewa ya nje ni nyepesi kule, kwa hiyo geji inasoma karibu psi 2.7 zaidi kwa tairi lilelile. Lakini Mbeya ni baridi. Ukitoka na nyuzijoto 30 ukafika kwenye 15, tairi la psi 32 linapoteza kama 2.3. Vinakaribia kufutana. Usiguse kitu, ukilala Mbeya pima asubuhi. Mombasa kwenda Nairobi ni hivyohivyo.

Kilicho muhimu zaidi ni wale wanaonunua gari na kujaza upepo mahali pa baridi asubuhi, kisha wanasema geji imeharibika mchana.

---

#10 Kanta_4x2

Kanta. Matairi 7.50R16 14PR, namba 122/118, mwisho wake kPa 770, yaani psi 112. Mbele moja moja, 1,500 mara mbili, tani 3. Nyuma pacha, 1,320 mara nne, kilo 5,280. Ukijumlisha ni tani 8 na ushee, ndiyo maana watu wanasema "matairi ni mazima, pakia". Hapana. Uwezo wa gari ni wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote: tairi, rimu, ekseli, springi, fremu, breki. Kuongeza majani ya springi kunanyanyua gari lisilale, lakini breki na nyumba ya ekseli ni zilezile. Soma uzito mtupu na uzito wa juu kwenye kadi ya gari, toa mtupu kwenye wa juu, toa dereva na tandiboi na mafuta, kinachobaki ndio mzigo.

Kupima mzigo bila mizani: mfuko wa saruji kilo 50, kwa hiyo mifuko 70 ni tani 3.5. Gunia la mahindi hesabu kilo 100, lumbesa usihesabu, pima. Maji lita 1,000 ni tani 1, msisahau uzito wa tenki. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6, ukilowa unakaribia tani 2. Hapo wengi wanaumia: bodi lilelile, kiwango kilekile cha mchanga, lakini baada ya mvua mzigo umeongezeka tani nzima bila mtu kuongeza koleo moja.

Pacha zina matatizo yake. Tairi la ndani halionekani na vali yake ni shida kufikia, kwa hiyo halipimwi. Likipungua upepo, lile la nje linabeba sehemu yake. Tofauti kati ya ndani na nje isizidi psi 5. Na kipenyo kiwe sawa: kwa saizi hizi tofauti isizidi milimita 6. Ukifunga jipya pamoja na kipara, jipya linabeba karibu mzigo wote, kipara kinaburuzwa na kuisha ovyo. Weka kirefusho cha vali kwenye tairi la ndani, na angalia kati ya pacha kila unapotoka barabara ya vumbi. Jiwe likikwama pale linasaga ubavu wa matairi mawili kwa mpigo.

Kugonga tairi kwa nyundo au nondo kunakuambia tu kama limelala kabisa. Hakutofautishi 70 na 100.

---

#11 Mpakiaji

Mzee wangu, tukipakia tunasukuma mzigo nyuma ili isiumize kichwa cha Kanta. Kuna ubaya?

---

#12 Kanta_4x2

Ubaya mkubwa. Fanya hesabu hii chini kwa kijiti. Umbali kati ya ekseli mbili tuseme mita 3.4. Mzigo tani 3. Katikati ya mzigo ikiwa mita 2.9 kutoka ekseli ya mbele, nyuma inapata 3,000 × 2.9 ÷ 3.4, karibu kilo 2,560, na mbele inapata 440. Sawa kabisa.

Sukuma mzigo uleule katikati yake iwe mita 3.8, yaani nyuma ya ekseli. Nyuma inapata kilo 3,350, zaidi ya mzigo wenyewe, na mbele inapunguziwa kilo 350. Matairi ya nyuma yamezidiwa, usukani umekuwa mwepesi, na ukiteremka na kona ya mvua gari haligeuki. Mzigo mzito uanze ubaoni kwa mbele, ukae chini, na katikati yake ibaki mbele kidogo ya ekseli ya nyuma.

---

#13 Mariakani_Vigwaza

Nije kwenye semi, maana huku mizani inaamua. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka ekseli ya usukani yenye matairi mawili tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili pamoja tani 18, tatu pamoja tani 24, na gari zima mwisho tani 56. Ukipita mizani ya Mariakani au Athi River kule Kenya, Vigwaza au Makambako huku Tanzania, ni namba hizohizo.

Sasa linganisheni na tairi. Usukani tani 8, matairi mawili, kila moja tani 4. Hiyo ni namba 156 kamili, kama 315/80R22.5 156/150. Ukifunga mbele 12R22.5 yenye 152, mawili yanabeba kilo 7,100 tu. Mizani itakupitisha kwa 7,800 na tairi litakuwa limezidiwa kilo 700. Kupita mizani hakumaanishi tairi linaridhika. Mbele ya kichwa ndipo tairi likipasuka dereva hana la kufanya.

Nyuma mambo ni kinyume. Tela la ekseli tatu lenye pacha lina matairi 12. Tani 24 gawa kwa 12 ni kilo 2,000 kila moja, wakati namba 148 inaruhusu 3,150. Kwa hiyo kujaza 130 kila tairi, mbele hadi mwisho wa tela, ni kupoteza: tela tupu linadundadunda, kashata zinaisha katikati, na breki zikishika tairi linaburuzwa na kutoa madoa bapa. Tumia jedwali la mtengenezaji wa tairi, kila saizi ina lake, utaona upepo wa kilo 2,000 uko chini sana ya ule ulioandikwa ubavuni. Mimi sipendi kwenda chini kabisa hadi namba ya jedwali, naacha akiba ya psi 10 hadi 15 kwa sababu mzigo hausambai sawa kwenye ekseli tatu, hasa springi zikiwa zimechoka.

Tela zenye tairi moja pana, 385/65R22.5 160, kila moja tani 4.5, mwisho kPa 900. Hapo hakuna pacha wa kukusaidia. Likipungua upepo linapikwa peke yake, kwa hiyo hayo yapimwe kila safari.

---

#14 Fundi_Kizimba

Naomba mnipe nafasi kwa upande wa gereji, kwa sababu hapa watu wanakufa.

Tairi la lori lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake lihesabiwe kwamba limetembea bila upepo. Linalotaka 110 likikutwa na 85, usilijaze likiwa kwenye gari. Waya za ubavuni zinakuwa zimejikunja mara maelfu na kukatika moja moja ndani ya mpira, huoni kitu kwa nje. Ukianza kujaza, zilizobaki haziwezi kushika, ubavu unafunguka kama zipu mstari mrefu na upepo wote unatoka kwa mpigo. Aliyechuchumaa mbele ya ubavu hana nafasi.

Utaratibu:

Toa upepo wote kwa kung'oa moyo wa vali. Fungua tairi kwenye rimu, kagua ndani kwa taa. Mpira wa ndani ukiwa umekunjamana, umebadilika rangi, una unga mweusi, au ubavu unalegea ukiubonyeza, tairi limekwisha, likate lisirudi barabarani. Likionekana zima, lifunge, liingize kwenye kizimba cha chuma, jaza psi 20 kwanza, zima, tazama ubavu na usikilize. Uvimbe, mawimbi, au mlio wa kukatikakatika, toa upepo hapohapo ukiwa mbali. Kukiwa kimya endelea.

Mpira wa kujazia uwe mrefu, wenye kichwa cha kung'ang'ania vali chenyewe, na geji iwe upande wako. Usishike kwa mkono. Simama upande wa kashata, mita 3 na zaidi, kamwe usisimame ukitazama ubavu.

Kwa rimu za ringi, zile za 10.00R20 na 11.00R20 zenye tyubu: kabla ya kulegeza nati hata moja, ng'oa moyo wa vali wa matairi yote mawili ya pacha. Rimu ikiwa imepasuka, kinachoishikilia ni nati tu. Ringi iliyoliwa na kutu au iliyopinda usiigonge kwa nyundo wakati upepo upo.

---

#15 Mchuuzi_wa_Mboga

Asanteni sana. Swali la mwisho kwa BiKashata: mtu akijaza haisi 58 au 65 kama ulivyoeleza, vali za kawaida za mpira zinastahimili?

---

#16 BiKashata

Umeuliza vizuri, wengi wanasahau. Vali fupi ya mpira inayovutwa kwenye rimu, ile yenye alama TR413, mwisho wake ni psi 65 ikiwa baridi. Kwa 58 inatosha. Kwa 65 uko ukingoni, na ikipasuka ya zamani upepo wote unatoka kwa dakika moja. Haisi inayobeba kweli ifungiwe vali ya chuma yenye nati, au ya mpira ya upepo mkubwa. Ibadilishwe kila unapofunga tairi jipya, na kifuniko chake kiwepo, kinazuia vumbi kuingia kwenye moyo wa vali. Vumbi likikaa pale tairi linavuja polepole na hutaliona.

Na nunua geji yako mwenyewe. Za kompresa za barabarani zimeangushwa sana, nyingine zinatofautiana psi 5 kwa tairi lilelile. Pima kwa geji moja ileile, asubuhi, mara moja kwa wiki kwa gari la biashara, na andika namba za kila tairi kwenye daftari la gari. Tairi linaloshuka psi 1 au 2 kwa mwezi ni kawaida. Linaloshuka 4 kwa wiki lina msumari, vali mbovu, au rimu yenye kutu pale linapokalia. Lipake maji ya sabuni, utaona povu.